Daftari la magari ambayo sikuyanunua

Injini ikizimwa baada ya safari ndefu hailali papo hapo. Bomba la moshi linapopoa hulia tik, tik, tik, kama mtu anayehesabu kwa ulimi. Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka kwenye ile njia yangu ya kona, nikaegesha, nikafunga paa, nikaingia ndani, nikaketi bila hata kuvua viatu, nikatoa simu mfukoni. Gari langu bado linahesabu huko nje. Mimi tayari nipo kwenye matangazo, natazama gari la mtu mwingine.

Mke wangu alipita na nguo za kukunja. Hakuuliza natazama nini. Alisema tu, "Leo lina rangi gani, Baba Nuru?"

"La fedha."

"Juzi lilikuwa la bluu."

Hilo la juzi nilikuwa nimeshalisahau.

Nilitaje kwanza gari lenyewe, maana wengi hudhani anayetafuta jingine amechoshwa na alilo nalo. Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazochomoza kwenye boneti ukiziwasha na kuzama ukizizima. Injini ya lita 1.6, nguvu za farasi kama 115, viti viwili, buti la kutosha mabegi mawili laini kama umeyapanga kwa akili. Uzito haufiki tani moja. Mtindo huu ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, wakati watu walishaanza kuamini kwamba gari dogo la wazi la watu wawili limekwisha duniani. Kufikia 2016 yalikuwa yameshatengenezwa milioni moja.

Chini yake kuna kitu ambacho sichoki kuwaeleza watu wasioniuliza: fremu ndefu ya alumini inayoiunganisha gia boksi na difu, hivyo ukikanyaga mafuta hakuna kinachojipinda katikati. Mguu ukisema, magurudumu ya nyuma yamesikia. Wajapani walioliunda walikuwa na msemo, jinba ittai, mpanda farasi na farasi wake kuwa kitu kimoja. Nilipousoma mara ya kwanza niliuona ni maneno ya wauza magari. Nilipoendesha kilomita kumi za kwanza nikanyamaza.

Sasa mtu mwenye kitu cha namna hii anatafuta nini tena?

Jibu nililojipa kwa miaka mingi ni kwamba magari ya spoti yana ila ya kuzaliwa nayo. Anayenunua lori anajua mzigo wake ni tani ngapi. Anayenunua gari la familia anahesabu watoto, anahesabu viti, amemaliza. Gari la spoti halijibu hesabu yoyote, kwa hiyo hakuna siku utakayosema hesabu imetimia. Halafu kila aliyeliunda alilazimika kuchagua. Injini aiweke wapi? Akiiweka mbele, kama yangu, gari linakuwa muungwana, linakuonya mapema kabla ya kuteleza. Akiiweka katikati, nyuma ya mgongo wa dereva, kama kwenye Lotus Elise au Porsche Boxster, linageuka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Akiiweka nyuma kabisa, kama kwenye Porsche 911, uzito unakaa juu ya magurudumu yanayosukuma, na ukitoka kwenye kona gari linakaza meno na kuondoka. Lakini achia mafuta ghafla katikati ya kona hiyo hiyo, uone mkia unavyotaka kuja mbele kutazama kuna nini. Ladha hizi tatu haziingii kwenye gari moja. Ukishalijua hilo, umekwisha.

Daftari langu lilianza kwa nia njema. Upande wa mbele naandika matengenezo: tarehe, kilomita, oili, plagi, maji ya breki, matairi. Siku moja, kwa kukosa karatasi, nililigeuza nikaandika kwa nyuma namba ya tangazo la gari nililoliona. Likafuata la pili. Miaka sita imepita sasa. Kurasa za mbele zinakwenda nyuma, za nyuma zinakuja mbele, na katikati zimebaki karatasi chache nyeupe. Kwa nyuma kuna magari 31. Kumi na mawili nilikwenda kuyaona kwa macho. Sijanunua hata moja.

Niwasomee machache.

Namba 4, Honda S2000. Haya yalitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2009, na matoleo ya kwanza yana injini ya lita 2 isiyo na turbo inayozunguka hadi karibu mara 9,000 kwa dakika. Mwenyewe aliniruhusu nijaribu. Chini ya 6,000 ni gari la adabu tu, hata linachosha kidogo. Ukipita hapo kamu za valvu zinabadilika na mlio unageuka, kama mtu aliyekuwa anazungumza kaamua kuimba. Nilipiga ukelele peke yangu ndani ya gari, na sioni aibu. Niliporudi nyumbani nikakaa na kalamu. Ili kuusikia wimbo ule mpaka mwisho, kwa gia ya pili tu, lazima uwe umeshapita kilomita 100 kwa saa. Kwa gia ya tatu ni mahakamani. Njia yangu ina kona zilizofuatana, na kati ya kona na kona hakuna nafasi ya mwimbaji kumaliza ubeti. Hayo niliyaandika pembeni kwa wino mwekundu, nikajiona nina busara.

Wiki mbili baadaye nimeandika namba 5. Ni S2000 nyingine, ya njano, ina mkwaruzo kwenye bampa la mbele wenye umbo la mwezi mchanga.

Namba 11, Lotus Elise. Jina linatokana na Elisa, mjukuu wa Romano Artioli, aliyekuwa akiishika kampuni ile wakati gari linazaliwa. Matoleo ya kwanza ya mwaka 1996 yalikuwa na uzito wa kilo 725 hivi, na fremu yake ni vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi. Kwa gundi, naam. Ukilifikiria sana hutalipanda. Kizingiti cha mlango ni kipana kama benchi na paa liko chini, kwa hiyo kuingia ni kuanza na mguu, kisha unajidondosha na kuomba. Niliingia. Kutoka ndiko kulikokuwa na habari. Mwenye gari alitazama pembeni kwa heshima, ila mwanawe mdogo hakuwa na heshima hiyo: "Baba, anko amenasa."

Pembeni ya namba 11 niliandika neno moja: kiuno.

Kuna Toyota 86 pia, namba 13, gari ambalo kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni yake ni milimita 86 kwa 86, jambo lililonifurahisha kuliko gari lenyewe. Hilo lilikuwa wazo la shemeji yangu, kwa hoja ya viti vya nyuma. Nilimkalisha Nuru nyuma. Magoti yalimfika kidevuni, akasema kiti ni kizuri kwa mkoba wa shule.

Halafu inakuja ngazi ya 911, kuanzia namba 15 hadi 22, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo nilipojifunza jinsi akili inavyojidanganya kwa hatua ndogo ndogo.

Gari hili lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901. Peugeot wakasema namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni zao, basi sifuri ikawa moja na jina likabaki hivyo mpaka leo. Kwa miaka yote ile injini yake ilipozwa kwa upepo na oili, hadi kizazi kiitwacho 993, kilichokoma 1998. Iliyofuata, 996, ikaja na maji ya kupoza na taa za mbele ambazo wapenzi wa gari hili walizichukia, wakaziita mayai ya kukaanga, tena uso wenyewe umefanana na wa Boxster. Kwa ajili ya chuki hiyo, 996 kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo mlango wa masikini wa kuingilia nyumba ya 911. Ndipo na mimi nilipogonga.

Ngazi ni hii. Unaanza na 996, kwa sababu unajiambia wewe si mtu wa sura. Unasoma usiku habari za beringi ya IMS, ile ndogo iliyo ndani ya injini ambayo ikivunjika huiua injini nzima, mpaka unaota unaisikia. Unasema basi, niongeze kidogo nipate 997, taa zimerudi kuwa za mviringo. Ukifika kwenye 997 unaambiwa hiyo ndiyo ya mwisho yenye usukani unaosaidiwa kwa haidroliki, kwani 991 ya mwaka 2011 ilikuja na mota ya umeme. Kwa hiyo hiyo 997 ni ya kuwekwa, si ya kuendeshwa hovyo. Lakini kama unataka ya kuwekwa, mbona usiongeze tena kidogo uchukue 993 yenyewe? Hapo umefika saa nane za usiku, na gari unalolitazama ni la bei ya nyumba. Uliingia ukitafuta njia ya kubana matumizi.

Neno linaloniua zaidi kwenye matangazo ni hilo, "la mwisho". La mwisho la upepo. La mwisho la gia za mkono. S2000 imekoma 2009, Elise imekoma 2021. Porsche waliitia Boxster injini ya silinda nne yenye turbo mwaka 2016, watu wakalia. Mwaka 2019 wakaanza kurudisha silinda sita kwenye baadhi ya matoleo, watu wakalia tena, maana sasa iliwabidi wauze zile walizozinunua huku wakilia. Mtu ukishaaminishwa kwamba mlango unafungwa, huulizi tena kama ulitaka kuingia.

Kuna mara moja nilikwenda mpaka mwisho. Haimo daftarini kwa sababu ni ya zamani kuliko daftari.

MX-5 niliyo nayo sasa ni ya pili. Ya kwanza, nyeupe, niliiuza ili ninunue BMW M3, ile iitwayo E46: lita 3.2, silinda sita kwa mstari, nguvu za farasi zaidi ya 330, mizunguko karibu 8,000. Marehemu baba alikuwa bado yu hai. Aliniambia, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Nilimjibu kwamba msala huu, mzee, una farasi 330. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyerudi na matokeo mabaya akiyasoma kwa sauti.

Ile M3 haikunikosea chochote. Nataka lieleweke hilo. Ilikuwa na kasi mara mbili, kimya mara mbili, viti vinne vya kweli, na kila kilichokuwa kigumu kwenye MX-5 kwake kilikuwa chepesi. Tatizo ni kwamba kwenye njia yangu nilikuwa nikitumia theluthi yake. Ile kona ya tatu, inayojikunja kama mkono wa mtu anayeficha kitu, kwenye MX-5 ilinidai kila kitu: breki mapema, kisigino kwenye mafuta, gia ya pili, pumzi. Kwenye M3 niliipita huku nikifikiria mambo ya kazini. Ili ianze kunifurahisha ilibidi niende kwa mwendo ambao, nikikosea, habari zangu zingesomwa na watu wasionijua.

Mwezi wa tisa wa kuwa nayo, nikiwa kwenye taa za barabarani, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, ikaja kusimama kando yangu MX-5 nyeupe. Niliitambua kwa kovu la bampa la nyuma nililolichana mwenyewe kwenye nguzo. Paa liko wazi. Dereva ni binti wa miaka ishirini na kitu, na kwenye kiti cha pembeni amelisimamisha gitaa ndani ya mfuko wake, amelifunga mkanda. Taa ilipowaka kijani aliondoka kwanza. Nilikuwa na nguvu karibu mara tatu ya zake na nikabaki pale mpaka wa nyuma akapiga honi.

M3 nikaiuza mwezi wa kumi na nne. Miezi mitano iliyobaki niliitumia kutafuta MX-5, yaani nilikuwa mwenye gari la spoti nikitafuta gari nililokwisha kuwa nalo. Nyekundu hii ndiyo niliyoipata.

Ungedhani funzo lile lingetosha. Magari 31 ya daftarini yanasema halikutosha.

Kilichonifungua macho kidogo si baba wala binti wa gitaa, ni fundi. Mwaka juzi gari liligoma kuwaka asubuhi, nikamwita. Akaipima betri, akaichaji, akaipima tena.

"Betri haina ubaya, bosi. Uliwasha lini mara ya mwisho?"

Sikukumbuka. Kweli sikukumbuka hata wiki. Lakini kama angeniuliza 911 tatu zilizokuwa zikiuzwa siku ile zina kilomita ngapi, ningemtajia zote bila kutazama simu, na tarehe ya mwisho ya klachi kwa mbili kati yake.

Jioni ile nikafanya jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kulifanya. Nililifungua daftari pande zote mbili kwa pamoja, nikalinganisha tarehe. Ngazi yangu ya 911, magari manane, namba 15 hadi 22, ilichukua wiki tisa. Katika wiki hizo tisa gari langu lilitembea kilomita 61. Ulikuwa msimu wa mvua, kazi zilibana, na Nuru alikuwa na mitihani. Nikarudi nyuma zaidi. Namba 6 hadi 9 ziliandikwa nilipokuwa nimeteguka kifundo cha mguu wa klachi. Kisha nikatafuta ule mwezi niliokwenda safari ya milimani na mke wangu, kilomita 1,940 kwa siku kumi, paa wazi, mabegi mawili laini. Upande wa nyuma, mwezi ule, hakuna kitu. Wala mwezi uliofuata.

Kumbe nilikuwa naendesha kwa macho. Mtu aliyekaa kwenye kiti chake usiku, akisoma uwiano wa gia za gari lililo mbali, akilipitisha kichwani kwenye kona anazozijua, anaendesha. Ila hachomi mafuta. Njaa ni ya barabara, ila simu haina barabara ndani yake, ina magari. Kwa hiyo tunakula kilichopo mezani.

Nilifurahi sana na ugunduzi huu, nikamweleza mke wangu kwa mbwembwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ukitoka kuendesha hutafuti?" Nikasema ndiyo. Hilo lilikuwa mwaka juzi. Jumamosi iliyopita, kama mlivyosoma hapo juu, bomba la moshi halijapoa na mimi nipo kwenye la fedha.

Basi zipo kiu mbili. Ipo ya mtu ambaye hajanywa, na hiyo dawa yake naijua: funguo, kofia, saa moja ya asubuhi Jumapili kabla malori hayajaamka. Ipo pia ya aliyekunywa maji ya chumvi. Siku njia imekuwa kavu, umeunganisha kona zote saba bila kosa, unarudi ukiwa na mwili wa miaka ishirini, na hapo ndipo swali linapochomoza kama zile taa: ikiwa hili dogo limenipa haya, lile lingenipa nini? Kiu hii sina dawa yake. Simlaumu mtu anayeuza kwa sababu ya kiu ya pili. Wa kiu ya kwanza ningemwomba alichaji betri, aende angalau mpaka mwisho wa lami, halafu arudi tuongee.

La fedha ni Boxster ya kizazi cha pili, na ndilo namba 31. Nilikwenda kuliona Jumapili.

Nina utaratibu wangu. Kwanza naweka kiganja juu ya boneti au, kwa haya ya injini ya katikati, karibu na bomba la moshi: kukiwa na joto, mwenyewe ameliwasha mapema, na anayeliwasha mapema pengine ana sababu. Kisha matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Matairi yote manne yakiwa ya tarehe moja na chapa moja, mwenye gari hana mkono wa birika. Yakiwa na mtindo mzuri lakini yana miaka minane, gari lilikuwa pambo. Nina kipimo cha unene wa rangi pia. Ya kiwandani mara nyingi inasoma maikroni 100 hadi 150 hivi, na mlango unaosoma 300 una hadithi. Raba za pedali nazilinganisha na kilomita. Ukingo wa kiti cha dereva, upande wa mlango, husema kweli kuliko dereva.

Swali la mwisho ni kwa nini anauza. Wote hujibu nafasi: watoto, mizigo, mgongo. Yule bwana alianza na mgongo. Huku akijibu, macho yake yalikuwa nyuma ya bega langu.

"Hiyo ni ya 1.6?"

"Ya 1.6."

"Taa zinachomoza?"

Nikamwashia. Akacheka kwa sauti, mtu mzima wa mvi. Akaomba aziwashe mwenyewe, akaziwasha na kuzizima mara tano, mpaka nikaanza kuzionea huruma mota zake. Tukabadilishana funguo kwa nusu saa.

Boxster lake, niseme ukweli, ni gari la ajabu. Injini ya silinda sita inavuma nyuma ya shingo yako, na mbele ni pepesi hata unahisi umeketi juu ya mhimili wa dunia, unaizungusha barabara na si gari. Kwa dakika kumi na tano nilikuwa nimeshaliegesha kwangu, nimeshalitafutia turubai. Dakika kumi na tano za pili nilianza kumwaza yeye na gia yangu ya pili, ambayo asubuhi, oili ikiwa baridi, inataka kubembelezwa. Je, nilimwambia? Sikumwambia.

Aliporudi nywele zilikuwa zimesimama na shati limetoka suruali. Hakuzima injini.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta miezi yote. Unaiuza?"

"Siiuzi," nilisema, na nilijisikia nikilisema kabla hajamaliza kuuliza. Yeye akaligeukia Boxster lake, akalipapasa bega la nyuma, akasema hata yeye kwa kweli hajaamua. Tukasimama pale tukizungumzia oili kwa saa nzima. Jioni ile tangazo lake lilikuwa limeondolewa. Pembeni ya namba 31 sikuandika kitu.

Jana usiku akanitumia picha. Chini yake ameandika: "Kaka, umeliona hili?"

S2000 ya njano. Nikaikuza picha. Kwenye bampa la mbele, kushoto, upo ule mkwaruzo, mwezi mchanga. Nikalitoa daftari, nikaligeuza, nikatafuta namba 5. Tangu nilipoiandika mpaka leo, miaka mitano na ushee, imetembea kilomita 2,300.

Nikamjibu kwamba naijua. Kisha nikamuuliza tunakwenda lini.